Kupima vinasaba vya mtoto: maswali ambayo wazazi wa Kigoma huniuliza

Mimi ni daktari kwenye kliniki ya watoto hapa Kigoma. Maswali haya nimeulizwa kwenye benchi la kliniki, kwenye simu za saa nne usiku, na siku moja pale mwalo wa Kibirizi na mama aliyekuwa akigeuza dagaa juani. Nimeyaandika jinsi yalivyoulizwa. Majibu ni ya jumla. Daktari anayemwona mtoto wako ana habari ambazo mimi sina.

Daktari kasema mtoto apimwe DNA. Anashuku kwamba mtoto si wangu?

Hapana. Swali hili naliweka juu kwa sababu baba wengi wanalo moyoni ila hawalitamki. Wananyamaza, wanarudi nyumbani, na siku ya kuchukua damu hawatokei.

Naelewa linakotoka. Mitaani neno DNA limetufikia kupitia kesi za matunzo ya watoto na vichekesho vya redioni, na ofisi inayojulikana ni ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ndiye msimamizi chini ya Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009. Kipimo cha kumtambua baba hulinganisha alama chache tu. Kipimo tunachozungumzia hapa husoma maelfu ya jeni kutafuta chanzo cha ugonjwa, na hakuna anayeketi kuuliza mtoto ni wa nani.

Ila sitakuficha jambo moja. Tunapopeleka damu ya mtoto pamoja na ya mama na baba, maabara inaweza kuona kwamba undugu haulingani na ulivyoandikwa kwenye fomu. Kabla ya kusaini fomu ya ridhaa, uliza: likionekana jambo kama hilo, mtalisema au hamtalisema? Mimi huzungumza na mama peke yake kwanza, mlango ukiwa umefungwa, na huona kwamba daktari asiyefanya hivyo anacheza na ndoa za watu.

Wanasoma nini hasa kwenye damu?

Karibu kila chembe ya mwili ina maelekezo ya mwili mzima, yaliyoandikwa kwa herufi nne tu: A, T, G na C. Herufi hizo ni takribani bilioni 3. Ndani yake mna jeni kama 20,000 zinazotoa maelekezo ya kutengeneza protini, na sehemu zenye maelekezo hayo hazifiki hata asilimia 2 ya maandishi yote. Kuna kipimo kinachosoma sehemu hizo tu, na kingine kinachosoma zote.

Makosa ya herufi hayafanani. Mtu wa Tabora akikwambia "sukali" unamwelewa, na chai inanyweka. Lakini kwenye mkutano wa kijiji ukiandika "kula" badala ya "kura", ajenda imebadilika. Vinasaba ni hivyohivyo: kila mmoja wetu ana mamilioni ya tofauti za herufi na anaishi nazo salama. Kuziona tofauti si kazi ngumu siku hizi. Ugumu uko kwenye kusema ipi kati ya hizo ni "sukali" na ipi ni "kula".

Mbona daktari mmoja anakisifia kipimo hiki na mwingine anasema ni kupoteza hela?

Kwa sababu hawapimi thamani kwa mizani moja, na wakati mwingine hawamzungumzii mtoto mmoja.

Daktari wa chumba cha watoto mahututi, kwenye nchi yenye mashine na wataalamu wa kusoma majibu, anaweza kuagiza kipimo hiki kwa kichanga cha siku tatu na kubadilisha matibabu kabla wiki haijaisha. Mwaka 2022 timu ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ilitangaza kwamba imesoma vinasaba vyote vya mtu kwa saa 5 na dakika 2. Kwa muda huo treni iliyotoka Kigoma haijafika Tabora. Huku kwetu jibu la namna hiyo huja baada ya wiki nyingi, na likifika baada ya mtoto kufariki, daktari ana haki ya kuuliza lilimsaidia nani.

Mjini Toronto, Kanada, watafiti wa hospitali ya watoto ya SickKids walitunga dodoso linaloitwa C-GUIDE. Daktari hulijaza baada ya kupokea majibu: yamemsaidia kuuelewa ugonjwa na mwenendo wake? Yamebadilisha namna ya kumtunza mtoto? Yameisaidia familia? Ninachokipenda ni kwamba haliulizi kama kipimo ni kizuri kwa ujumla. Linauliza jibu hili limemfanyia nini mtoto huyu. Watoto wawili wanaweza kurudi na jibu lilelile, mmoja ana miezi tisa na mwingine ana miaka kumi na nne, na thamani ikawa mbali kama Ujiji na Urambo.

Mizani yangu mimi haijaandikwa popote. Kwanza naangalia kama jibu linaniambia niache kufanya jambo fulani: dawa isiyofaa, kipimo cha kuumiza, safari ya Dar es Salaam isiyo na maana. Kisha naangalia kama linanionyesha cha kufuatilia, maana magonjwa mengi ya kurithi huanza na macho au mifupa, halafu miaka kadhaa baadaye yakagusa moyo au figo. Dawa mpya ya kutibu nikiipata nashukuru, lakini siitegemei. Zamani nilidhani dawa ndiyo kipimo pekee cha thamani. Wazazi walinirekebisha, na nitalieleza hapo mbele.

Mtoto wangu kaandikiwa "mtindio wa ubongo". Kuna haja ya kupima zaidi?

Kwa wengi hapana, kwa wachache ndiyo kabisa.

Kama mtoto alizaliwa kwa shida, hakulia, akakaa na oksijeni, akapata degedege siku za kwanza, basi chanzo kinaonekana. Mazoezi ya viungo yatamsaidia kuliko karatasi ya maabara. Vilevile aliyeugua homa ya uti wa mgongo au malaria ya kichwani, na kabla ya hapo alikuwa akitembea. Huku kwetu hivyo ndivyo vyanzo vya kwanza kufikiriwa, na daktari anayerukia vinasaba kabla ya kusoma kadi ya kliniki ameruka hatua.

Lakini neno "mtindio wa ubongo" limekuwa kapu. Kila asiyetembea anatiwa humo. Mimi hushtuka nikiambiwa uzazi ulikuwa mwepesi, mtoto alilia mara moja, kisha akaanza kurudi nyuma taratibu. Au kwamba asubuhi ana nafuu na jioni anakakamaa. Au kwamba mama amezaa wawili wa aina hiyo.

Marekani kulikuwa na mapacha, mvulana na msichana, walioambiwa wakiwa wadogo kwamba wana mtindio wa ubongo. Baadaye ikaonekana wana tatizo la viungo kukakamaa linalotulizwa na dawa iitwayo levodopa, wakapata nafuu, ila si nafuu kamili. Vinasaba vyao viliposomwa, habari zikachapishwa mwaka 2011, kosa likapatikana kwenye jeni ya SPR. Ilimaanisha kwamba ubongo haukukosa kemikali moja tu. Ulikosa na ya pili. Wakaongezewa dawa ya pili na hali ikawa nzuri zaidi. Matatizo ya namna hiyo ni adimu, na ningekudanganya nikisema mwanao bila shaka ni mmoja wao. Ila mtoto anayekakamaa zaidi jioni anastahili kujaribiwa levodopa chini ya uangalizi wa daktari hata kabla ya kipimo chochote cha vinasaba, na hilo halihitaji maabara ya Ulaya.

Ana degedege kila akipata homa. Hicho nacho ni cha kurithi?

Degedege la homa kwa mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 ni jambo la kawaida, na wengi huliacha wakikua. Huku, mtoto mwenye homa na degedege hupimwa malaria kwanza, tena haraka. Vinasaba havimo kabisa kwenye saa hiyo.

Picha inayonifanya nifikirie zaidi ni hii: degedege lilianza kabla ya mwaka mmoja, linachukua muda mrefu, mara linashika upande mmoja wa mwili mara upande mwingine, linarudi hata kwa homa ndogo au maji ya moto ya kuogea, na baada ya mwaka wa pili maneno ya mtoto yanapungua badala ya kuongezeka. Kuna ugonjwa uitwao Dravet, ambao kwa watoto wengi hutokana na kosa kwenye jeni ya SCN1A. Kabamazepini, dawa ya kifafa ambayo imezoeleka sana, inaweza kuuzidisha. Hapa karatasi ya maabara ina thamani kubwa kwa daktari: inamwambia kwamba dawa aliyoiongeza mwezi uliopita kwa nia njema ndiyo inayomrudisha mtoto wodini.

Tafadhali usisome hapa ukaenda kuzuia dawa nyumbani. Dawa ya kifafa ikikatishwa ghafla inaweza kuleta degedege lisilokoma. Ilete dawa, tuzungumze.

Siko seli inahitaji kipimo hiki kikubwa?

Haihitaji. Herufi moja kwenye jeni ya HBB imebadilika, A ikawa T, nasi tunaijua kwa vipimo vya damu vya bei nafuu zaidi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazopata watoto wengi zaidi wa selimundu duniani, kwa hiyo hela ya familia iende kwenye dawa ya hydroxyurea, chanjo na nauli ya kliniki. Wazazi husikia pia habari za upandikizaji wa uloto Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Ni kweli unafanyika, lakini wanachopima huko kabla ya kupandikiza ni kama ndugu wa mtoto analingana naye, na hicho ni kipimo kingine.

Kama mtoto ameongezewa damu hivi karibuni, jibu la siko seli linaweza kupotosha, maana tutakuwa tunapima pia damu ya aliyejitolea. Mara nyingi tunasubiri miezi mitatu.

Na mtoto mwenye ualbino?

Tunamtambua kwa kumwangalia. Katika ukanda wetu wengi wana kosa lilelile kwenye jeni ya OCA2: kipande cha herufi kama 2,700 hakipo. Mlezi wa mtoto pale Kabanga, Kasulu, akiambiwa habari hiyo hapati kitu cha kufanya ambacho hakuwa akikifanya: kofia pana, mikono mirefu, losheni ya jua, miwani, dawati la mbele darasani. Nafikiri hapa thamani ni ndogo kwa daktari na kubwa kwa mtafiti, na si vizuri kumtoa mtoto damu kwa faida ya mwingine bila kumwambia mzazi wazi. Isipokuwa kama mtoto anavilia damu kirahisi au anatokwa damu puani mara kwa mara. Hapo niambie, kuna aina adimu inayokwenda na tatizo la damu kutoganda vizuri.

Karatasi inasema "badiliko ambalo maana yake haijathibitika". Nifanye nini?

Usilie, na usisherehekee.

Tangu mwaka 2015 maabara nyingi hufuata mwongozo wa Marekani wenye ngazi tano: badiliko linaloleta ugonjwa, linaloelekea kuleta ugonjwa, lisilojulikana maana, linaloelekea kutodhuru, na lisilodhuru. "Linaloelekea" hapo si kubahatisha. Maana yake uhakika unazidi asilimia 90. Katikati ndipo penye ukungu, na watoto wetu wanatua katikati mara nyingi kuliko watoto wa Ulaya.

Ili kujua kama herufi fulani ni ya kawaida, maabara huitafuta kwenye hazina za vinasaba vya maelfu ya watu wazima wenye afya. Hazina hizo zimejaa watu wenye asili ya Ulaya. Waafrika ndio wenye tofauti nyingi zaidi za vinasaba kuliko watu wa mabara mengine, na ndio waliosomwa kidogo zaidi. Kwa hiyo Muha mwenye herufi ambayo pengine nusu ya ukoo wake wanayo na wanalima mihogo bila shida, kompyuta ya mbali inaiona ni ngeni. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba watu weusi nchini humo walikuwa wameambiwa wana mabadiliko yanayoleta ugonjwa wa misuli ya moyo, kumbe ni tofauti za kawaida kwa watu wenye asili ya Afrika. Wangewekwa weusi wa kutosha kwenye ulinganisho tangu mwanzo, kosa lisingetokea.

Kwa hiyo jibu la katikati halipaswi kubadilisha dawa, wala kuvunja mimba, wala kumzuia binti kuolewa. Kinachosaidia mara nyingi ni kupima wazazi: kama baba mwenye afya njema analo badiliko hilohilo, kwa magonjwa mengi shaka inapungua. Hifadhi karatasi. Jibu la katikati linaweza kuhamia ngazi nyingine miaka inavyokwenda.

Kuna madaktari wanaoliona jibu hili kama hasara tupu. Mimi nadhani hasara ni kumpa mzazi karatasi hiyo mlangoni bila kuketi naye. Nimeona mama aliyebeba bahasha miezi minne akiamini imeandikwa mtoto atakufa. Hakuna aliyemfungulia akamsomea.

Majibu hayakuonyesha kitu. Basi si ugonjwa wa kurithi?

Huenda ni wa kurithi na hatukuuona. Hata katika hospitali kubwa za nje, kwa watoto waliochaguliwa kwa makini, chanzo hupatikana kwa kama robo hadi theluthi moja yao. Kipimo cha jeni kina mahali pasipoona vizuri: kromosomu (kifurushi cha jeni) iliyozidi, kama ile inayoleta hali ya Down, ina kipimo chake, na herufi zinazojirudia mara nyingi mno hukipita. Maabara ikisoma upya data ileile baada ya mwaka mmoja au miwili, bila kuchukua damu nyingine, hupata jibu kwa takribani mtoto mmoja kati ya kumi waliokosa. Uliza kama wanasoma upya na kama wanatoza.

Kosa limetoka kwa nani? Upande wa mume wanasema ni mikosi ya kwetu.

Swali hili limevunja nyumba nyingi kuliko ugonjwa wenyewe.

Magonjwa mengine hayakutoka kwa yeyote. Kila mtoto huzaliwa na mabadiliko mapya kadhaa ambayo wazazi wake hawana. Kwa bahati mbaya moja likaangukia kwenye jeni muhimu. Familia ya namna hiyo, uwezekano wa kupata mtoto mwingine mwenye tatizo hilo huwa karibu asilimia 1.

Mengine yanahitaji kosa kutoka pande zote mbili. Baba ana nakala moja mbovu ya jeni na moja nzima, mama vivyo hivyo, wote wazima. Kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kuugua. Kila mimba, si kwamba mmoja akishaugua watatu wanaofuata wamepona.

Baba mmoja aliniambia, "Dokta, mke mdogo kanizalia wanne wazima, kwa hiyo tatizo liko kwa mkubwa." Nikachora kwenye karatasi. Huenda mke mdogo hana nakala mbovu, ndiyo maana watoto wake ni wazima. Lakini baadhi yao huenda wanaibeba nakala ya baba bila kuugua. Alitazama mchoro muda mrefu, akaukunja, akautia mfukoni. Sijui aliuonyesha kwa nani.

Sampuli inapelekwa wapi, na ni shilingi ngapi?

Kwa kawaida barua ya rufaa hutoka mkoani kwenda hospitali ya kanda, kama Bugando, Mwanza, au ya taifa, Muhimbili, na mara nyingi damu husafirishwa hadi maabara ya nje ya nchi. Ni mililita chache kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau. Gharama huwa mamia ya dola, na hubadilika. Uliza bima yako kwa maandishi kabla ya kuchanga ukoo. Mtu akikuomba hela ya "DNA" mkononi bila risiti wala fomu ya ridhaa, ondoka.

Na mtoto akipatikana na jeni ya ugonjwa wa ukubwani usio na la kufanya utotoni, wataalamu wengi hawataki liripotiwe. Aamue mwenyewe akikua. Mimi niko nao.

Majibu yatajulikana shuleni au kijijini?

Hayapaswi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za vinasaba kuwa nyeti. Kinachonitia hofu zaidi ni picha ya majibu kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la familia.

Kama ugonjwa hauna dawa, jibu lina faida gani?

Hapa ndipo niliporekebishwa. Mama mmoja kutoka vijiji vya Uvinza alikuwa amezunguka na mwanawe miaka sita: zahanati, hospitali tatu, waganga wawili, maombi ya mkesha. Jibu likaja, ugonjwa adimu, hauna dawa. Nilijiandaa kumpa pole. Akaniomba fotokopi tatu: moja ya mama mkwe, moja ya mchungaji aliyesema nyumba ina laana, moja ya kwake. Kisha akauliza kama bado anahitaji kuuza ng'ombe aliyebaki kwa ajili ya kipimo cha kichwa cha Dar es Salaam. Nikamwambia hapana. Ng'ombe akabaki.

Kwenye faili niliandika "hakuna mabadiliko ya matibabu". Kwa lugha ya kitabibu ni sahihi. Kwa yule mama ni uongo mtupu.

Siku ya kliniki nije na nini?

Kadi ya kliniki, hata kama imelowa. Dawa zote kwenye pakiti zake, na za kienyeji pia, sitakugombeza. Video ya degedege kwenye simu, sekunde thelathini zinatosha, uso na mikono vionekane. Kama baba anaweza kuja, aje. Orodha ya watoto wote uliozaa, pamoja na waliofariki na mimba zilizotoka. Najua huwa hatuwahesabu mbele za watu, lakini hao ndio mara nyingi wananionyesha njia. Na kama mtoto ameongezewa damu, taja tarehe kabla sijafungua sindano.